Jina ya Kambale ku mashini

Mulekera, siku ya ine

Basi nimekubali. Fundi wa kompyuta alisema: «Mama, hii Windows ni ya kopi, haikulipiwa, virisi imeiharibu. Tuweke Linux, iko ya bure.» Mais mimi naishi kwa kuandikia batu barua na hii mashini, ningefanya nini?

Kila asubui ile mashini iliandika «Bienvenue Kambale», ni kusema karibu. Ni bwana yangu. Alienda shamba, hakurudia. Familia inakataa kufanya kilio, ile matanga, bila mwili wake. Pale tu ndipo alikuwa angali anasalimiwa.

Linux iliingia, yote ikafutika. Fundi akauliza: «Donc, tuandike jina ya nani?»

Nikaandika Kambale. Mashini ikamusalimia tena.

Sikufurahi. Naogopa kuiwasha kesho. Ile jina ya kwanza aliiandika yeye mwenyewe. Hii nimeiandika mimi.