Ngoma ya Babu Imeitikiwa

Mwika,
Moshi.
14 Julai 2024

Mpendwa Dada Winfrida,

Shikamoo dada. Mwaonaje hali huko Mtwara, wewe na shemeji na watoto? Lile goti lako limepoa, au bado linakugomea kwenye ngazi? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Ukungu unashuka tangu mchana, migomba yote inapotea hapo hapo dirishani.

Juzi kwenye simu uliponiuliza nani anapiga mluzi nyuma yangu, nilikata nikasingizia chaji. Chaji ilikuwepo. Sikutaka Mama anisikie nikikujibu, ndiyo maana nimeshika kalamu kama watu wa zamani.

Paroko aliniletea ngoma iliyokutwa juu ya dari la sakristia, niitengeneze kwa ajili ya jubilei. Kuna mtu aliipaka rangi ya mafuta ya bluu, Mungu amsamehe. Wazee wa kanisa walishikilia kwamba wamisionari waliitoa pwani. Nilipobandua rangi nikakuta mbao ya mti wetu wa huku huku, mringaringa, na ndani alama za tezo zote zimelalia upande usio wa kawaida. Aliyeichonga alitumia mkono wa kushoto. Unamjua mwingine zaidi ya Babu Aminieli?

Ndiyo ile ngoma, dada. Ile Babu aliyoipiga Baba alipopotea kwenye ukungu huko mlimani na mizigo ya wageni, ili aisikie aijue njia ya nyumbani. Aliipiga mpaka ukoo ukasema basi, tuzike shina la mgomba badala ya mwili, tuanue matanga. Wewe ulikuwa mkubwa, utakumbuka zaidi. Mimi nakumbuka tu lile shina lilivyovalishwa koti la Baba. Siku ile ile Babu aliipeleka ngoma kanisani, na hakuigusa tena.

Basi nikavua ngozi kuukuu, nikaloweka ya mbuzi, nikaiwamba, nikaikausha jikoni kwa moto wa kuni maana jua ni la kuotea. Ilipokaza nikaijaribu kwa mdundo alionifundisha Babu, sina mwingine ninaoujua vizuri. Nyuma ya banda la ng'ombe mluzi ukaitika: mmoja mrefu, miwili mifupi. Ni ule Baba aliokuwa akipiga akifika getini, tukimbie kumpokea.

Nilidhani ni watoto wa jirani wananichezea. Kesho yake nikapiga, ukaitika, nikaenda kutazama. Hakuna mtu. Unatoka pale tulipozika mgomba, na juzi uliponipigia simu nilikuwa ndiyo kwanza nimeiweka ngoma chini. Angekuwa Baba anarudi, si angetokea juu, msituni? Naogopa anayeitika ni yule tuliyemvalisha koti.

Lakini Mama ndiye anayenitisha zaidi. Amefurahi. Anapika mtori wa ndizi sufuria kubwa, ameongeza kiti mezani, na ukungu ukishuka tu anashika fimbo anaelekea kule, na miguu yake unaijua. Jana nilimkuta amekaa juu ya kaburi, kanga imelowa, mikono ya baridi kabisa, anaongea Kichagga polepole kama msichana. Nilipombeba kumrudisha ndani alinisukuma. Akasema, "Niache, Thadeus, mimi nimengoja vya kutosha."

Dada, hali ikiwa hivi tutampoteza. Leo asubuhi nimeichana ngozi kwa kisu, na paroko nitamwambia imepasuka. Nilidhani nimemaliza kazi. Mchana huu mluzi umelia wenyewe bila ngoma, na haukutoka kule nyuma. Umetoka barazani. Panda basi la kwanza utakalolipata, uje umchukue Mama ukae naye huko. Wewe anakusikiliza.

Msalimie shemeji Melkior, na Evelyn na mdogo wake uwabusu. Mungu awafunike kwa mkono wake, na akulinde njiani.

Mama amekaa nyuma yangu, anakusalimu sana. Anataka niandike kwamba Baba naye anakusalimu. Nimekataa. Ananiambia nigeuke, nimuulize mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda,
Thadeus