Kabati la Siri Zilizochapishwa

Jumatatu, 3 Agosti 1987
Irungu, mwenye duka la vyuma Makindu, ameniuliza mbona nimemwachia shemeji ploti ya marehemu mume wangu. Nimemwachia nani? Kumbe aliona kwenye Kenya Gazette, lile la matangazo ya serikali: Muthama, ndugu ya Mutie wangu, anaomba urithi, peke yake. Mwenye pingamizi aende korti ya Machakos, mwisho Jumatatu ijayo. Nambari ya kesi, ambayo korti itaitaka, hakumbuki. Basi, maktaba.

Jumanne, 4 Agosti
Maktaba yetu ya Kalamba hupokea Gazette, inazifungia kabatini. Kufuli la benki! Karani Ndolo amenieleza kwa upole kwamba karatasi za serikali ni za watu wa serikali. Mwananchi atazichafua. Nikamwuliza mbona zimeandikwa bei. Akafikiri sana. Siri ya kuuzwa! Mwishowe: nilete barua ya chairman wa kamati ya maktaba.

Chairman ni Muthama.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimemeza hasira, nimeenda. Muthama amenipa chai, akaniombea. Halafu — Gazette ni ngumu kwa akina mama, nitaumwa na kichwa. Barua itatoka kamati ikikutana. Mwezi ujao, Mungu akipenda. Chai yake nimeimaliza yote.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimelia mbele ya Ndolo. Si maigizo — ploti ikienda, Mumbua wangu na wadogo zake nitawaweka wapi? Akafungua kabati. Tupu! Kamati iliamua Gazette zisikae bure, kwa hiyo amefunika nazo vitabu vya nyimbo vya kanisa. Vyote.

“Ni karatasi strong sana, Mama Mumbua,” amesema. Anajivunia.

Jumapili, 9 Agosti
Ibada. Sikuimba, nilisoma makava. Mzee Musembi ameinua leseni za pombe mbele za Bwana. Nthenya, tenda ya barabara. Na katika kiti cha wazee, Muthama, macho amefumba, sauti juu — na kwenye kava lake, jina la Mutie wangu! Nambari ya kesi imekunjwa kwa ndani. Nikamnyang'anya kitabu.

Nimefika nyumbani, nimefunga mlango. Nambari ninayo. Kesho ndiyo mwisho, na basi ya Machakos ni alfajiri. Nje, Muthama na wazee wawili wanataka kitabu, ati ni mali ya kanisa.

Nimemjibu kupitia dirisha: “Shemeji, leta barua ya chairman.”

Bado wako hapo. Naona mmoja ameketi kwenye ngazi, kama mtu asiye na haraka.