Kikohozi cha Kibonge

Jumatano, 14 Mei

Kwako dada mpendwa,

Pokea salamu zetu. Natumaini u mzima na kazi ya hoteli haikuchoshi sana. Sisi hatujambo, ingawa neno hilo naliandika kwa wasiwasi. Nimeazimia kukueleza yote, hata yale ambayo mama angependa niyapunguze.

Mwanao Kibonge sasa anasimama kwa kushika miguu ya cherehani ya mama. Bibi humtania kwamba ni fundi asiyelipwa, naye hucheka mpaka akakohoa.

Kwa jirani yetu kinyozi, pazia limefungwa tangu jana, mchana kutwa. Tulidhani wamesafiri. Kumbe mtoto wao hawezi kutazama mwanga. Macho ni mekundu, na leo vipele vimeanzia nyuma ya masikio, vinashuka usoni. Mama yake aliniambia kwa sauti ndogo kwamba ni surua. Akauliza wetu anaendeleaje, nami nikakumbuka kwamba juzi wawili hao walishinda sakafuni kwetu wakinyang'anyana kijiko kimoja.

Dada, wewe uliambiwa Kibonge amemaliza chanjo zote. Hajamaliza. Ya surua hajapata. Kila tulipotakiwa kumpeleka alikuwa akikohoa, na bibi akasema mtoto mgonjwa hachomwi sindano, tungoje kikohozi kiishe. Mama akaona usitiwe hofu bure. Lakini kikohozi kile ni cha vumbi la vitambaa. Kitaisha vipi, naye hulala chini ya meza ya kukatia nguo?

Nilipotoka shule nilipitia zahanati. Muuguzi alisema kikohozi chepesi kama hicho hakizuii chanjo, na kwamba akichanjwa ndani ya siku tatu tangu wacheze pamoja, yaani kabla ya kesho kwisha, huenda bado ikamkinga. Kesho ikipita, kwa sindano hiyo tutakuwa tumechelewa.

Nimewaeleza bibi na mama. Mama anasema mtoto ni wako, hathubutu kumpeleka akikohoa bila neno lako. Simu yako haipatikani. Dereva wa lori la vitambaa atakuletea barua hii jioni, na atarudi alfajiri; mpe jibu mkononi.

Wote wanakusalimu. Kibonge amelala. Nimemgusa paji la uso mara nyingi, na mpaka sasa halina joto.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda. Je, nimpeleke?