Shikamoo kwa Baba Mkwe

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Shume tuko salama. Mama yako amevuna kabichi kubwa kuliko za jirani wote, na kanisani nimeshatangaza kwamba wewe ni daktari. Najua ni kozi ya huduma ya kwanza tu, ila waache wajue.

Unauliza utathubutuje kumkandamiza mzee kifua, wakati hata lile sanamu la mazoezi chuoni unalionea haya. Nilikuwa nimeolewa juzi tu baba mkwe wangu alipopaliwa na kiazi shambani. Macho yakamtoka, sauti hana. Tulikuwa wawili tu, na mkwe haguswi. Nikachanganyikiwa, nikapiga magoti.

"Shikamoo baba."

Nikangoja aitikie. Nikamwamkia tena. Ndipo nikamtandika mgongoni kama natwanga mahindi, mpaka kiazi kikaruka.

Akahema, akanitazama sana. "Marahaba, mwanangu."

Sasa unasema mwalimu wenu anawafundisha kumwita mgonjwa kwanza, kuona kama ataitika. Basi nilipatia, au nilimchelewesha? Mpaka leo sielewi. Hebu muulize, uniandikie.

Ila wewe, mwanangu, usingoje marahaba.

Ni mimi bibi yako, ninayekusifia kila ninapokaa.