Hatua Mia Tatu na Kumi

Alhamisi, 27 Februari 2014

Palizi tangu alfajiri. Mistari minne ya alizeti, mgongo ukagoma. Mvua ya jana ilichagua shamba la jirani, Mama Kitundu. Kwangu manyunyu tu. Chai, viporo vya viazi vitamu, redio.

Redio imesema watu wenye silaha, sare zao hazina alama ya nchi yoyote, wameingia bungeni Simferopol, Krimea, upande wa Ukrania, na kupandisha bendera ya Urusi.

Mdogo wangu Zera anakaa nusu saa kutoka hapo. Simu inaita, haipokelewi.

Safari yangu ya kwenda kwake ni tarehe 14 Mei. Begi nimeshalishusha kabatini.

Ijumaa, 28 Februari

Zera amepiga. Mzima. Askari wako barabarani, wamefunika nyuso, ukiwasalimia hawaitikii. "Njoo tu, dada. Mei bado mbali."

Niandike mambo yalivyo, maana kichwa kimeanza kuchanganya. Mama alizaliwa Krimea, pwani, Mtatari, kabila la wenyeji wa pale. Mei 1944 serikali ya Kisovieti iliwaita Watatari wote wa huko wasaliti, ikawapakia kwenye mabehewa ya mizigo. Mama alishushwa Uzbekistani. Huko ndiko tulikozaliwa mimi na Zera. Tashkent nilikutana na kijana Mnyiramba aliyekuja kusomea uchimbaji wa visima. Nikamfuata kwao Kiomboi, 1975. Nikafundisha jiografia mpaka nikastaafu. Yeye amelala nyuma ya nyumba, mwaka wa sita sasa. Zera alirudi Krimea ruhusa ilipopatikana.

Mimi sijawahi kuiona. Nina miaka sitini na tano na kwetu ni mahali nisipopajua.

Jumapili, 2 Machi

Nimetembea hatua za mama.

Alituachia kitu kimoja. Kutoka mlango wao hadi maji ya bahari ni hatua mia tatu na kumi. Alizihesabu mwenyewe, akienda kusuuza sufu. Picha hakuwa nayo. Namba hiyo tuliijua kabla hatujajua kusoma.

Kutoka mlango wangu kwenda magharibi, hatua ya mia mbili na themanini inanifikisha kwenye ua wa minyaa wa Mama Kitundu. Thelathini zilizobaki ziko ndani ya mtama wake. Nimepenya. Ameshazoea. Leo aliegemea jembe akasema, "Shikamoo, Mama Yusufu. Hiyo bahari yako mwisho itaninyang'anya shamba!"

Nilicheka. Nilipofika ndani sikucheka tena.

Alhamisi, 6 Machi

Bunge la Krimea limepiga kura kujiunga na Urusi. Askari wakiwa mlangoni.

Mama Kitundu ameuliza kwa nini. Nchi kubwa vile, ina njaa gani? Nikamjibu kama nilivyokuwa nikijibu darasani. Bahari nyingi za Urusi huganda majira ya baridi. Ile ya Krimea haigandi. Manowari zake zimekaa pale miaka na miaka, siku hizi kwa mkataba na Ukrania. Sasa Ukrania imegeukia nchi za magharibi, na mpangaji anaogopa mwenye nyumba. Ongeza fahari: waliwahi kuimiliki, na wengi wanaoishi pale ni watu wao.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimulia ya kwao Issuna. Tajiri wa ng'ombe alimwomba babu yake njia tu, kupitia shambani kwenda lamboni. Akapewa. Baadaye njia ikawa nyembamba kwa ng'ombe wake, ikapanuliwa. Baadaye mchungaji akajenga kibanda. Babu alipofariki, mjomba, ambaye tajiri hakumpenda, akarithi shamba. Wiki hiyo hiyo minyaa iling'olewa. Tajiri akaita kikao, akachinja dume, watu wakanyoosha mikono wakiwa bado wanatafuna.

"Ng'ombe wake walikuwa na kiu, Mama Yusufu. Kiu ilikuwa ya kweli. Lakini hata walipokuwa wanakunywa kila siku, hakutosheka. Alitaka asiombe."

Miaka ishirini na miwili nimefundisha bandari. Sikuwahi kulisema vizuri namna hiyo.

Sababu zote nilizomtajia ni za kweli. Hakuna hata moja inayomkumbuka mama yangu.

Jumapili, 16 Machi

Kura ya wananchi. Zera hakwenda. Amekaa ndani akikunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Mimi nimepalilia.

Jumanne, 18 Machi

Wametia saini Moscow, Krimea sasa ni ya Urusi. Siku kumi na tisa tu tangu ile bendera.

Yusufu, mwanangu, amepiga kutoka Dar es Salaam. Ndege ya Kiev haitanifikisha tena Simferopol. Kupitia Moscow inawezekana, kwa viza ya Urusi. "Fikiria, mama."

Nimefikiria. Nijaze fomu, nibandike picha, niwaombe hao ruhusa ya kwenda kwenye mlango wa mama. Hapana.

Begi limerudi juu ya kabati. Nililirudisha mwenyewe, kwa kiti.

Jumapili, 30 Machi

Wamebadilisha hata saa. Jana Zera alikuwa nyuma yangu kwa saa moja. Leo yuko mbele yangu kwa saa moja. Hakusogea hata kiti.

Hakuna wa kumwambia jambo hili akalicheka inavyopasa. Marehemu angelicheka.

Jumanne, 15 Aprili

Zera ameniuliza kama akubali pasi ya Urusi. Akikataa atakuwa mgeni kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, na moyo wake unahitaji dawa kila mwezi. Nikasema akubali. Nilisema upesi, kama mtu anayeagiza chumvi.

Nina aibu. Mimi niliyekataa fomu moja nimemwambia mdogo wangu ajaze yake.

Jumapili, 18 Mei

Miaka sabini leo tangu mabehewa.

Saa nne asubuhi kwangu, saa tano kwake, Zera alipiga akiwa kijijini kwa mama. Amekwenda kwa basi, peke yake. Nyumba ina watu wengine; mwanamke akamruhusu asimame mlangoni. Miaka yote hiyo hakuwahi kuthubutu kuomba. "Toka nje, dada. Tunakwenda."

Nikasimama kizingitini. Akahesabu kwa sauti, Kitatari, na mimi nikitembea naye, simu sikioni. Alizeti zimeshainamisha vichwa. Mia. Mia na hamsini. Mia mbili.

Mia mbili na tisa. Hesabu ikakoma.

"Zera?"

"Viatu vimelowa."

Nilidhani amekosea. Akarudi mlangoni, akahesabu tena. Mia mbili na tisa.

Yeye ndiye aliyesema: mama alikuwa mtoto. Alihesabu akiwa na miaka saba au minane, kwa miguu ya umri ule, akabaki na namba ile ile mpaka uzeeni. Na sisi tukaipima kwa miguu ya watu wazima.

Sikulia. Nilisikia maji kwenye simu, madogo, yanakuja na kurudi, mpaka chaji yake ikaisha.

Nikabaki pale pale, kwenye hatua ya mia mbili na tisa. Pande zote alizeti zangu. Ua wa Mama Kitundu ulikuwa bado mbele, mbali, na yeye ng'ambo ya ua akipunga mkono, akingoja nipenye kama siku zote.

Nikampungia. Sikwenda.

Ndege wameanza kuzila mbegu. Kesho nivune mistari ya mwanzo.