Gauni Kwenye Tundu la Hewa

Baba watoto, na nyie wanangu,

Madirisha yafungwe saa tatu, kabla jua halijachachamaa, na mapazia yashushwe. Jua likizama, fungueni yote. Kupika ni uani, moto usiwashwe ndani.

Sasa wewe, Baba watoto. Tangu mwaka jana tunaokwa humu kama mikate, unalaumu bati, mpaka ukalipaka chokaa. Asubuhi hii nimepanda ngazi kufagia buibui, nikakuta tundu la hewa la juu limezibwa. Kuvuta hivi, gauni langu la maua! Lile nililomsingizia dada yako kaiba, tukanuniana mwaka mzima. Nimekuamsha, ukasema, “Nilidhani tambara, nilikuwa nazuia popo,” ukageukia ukutani.

Nimetia wavu. Popo hapiti, upepo unapita. Sebule imeshapoa, hata paka amerudi kulala ndani.

~~Gauni ulifue mwenyewe.~~ Acha, nimelibeba na vumbi lake. Naenda kumwomba wifi radhi, aone kwa macho yake.

Jioni narudi naye. Kiti chake kiwe chini ya tundu, penye upepo.

Wewe kaa penye joto.

Mama watoto, wifi mwenye makosa