Sabina, Wamekuandika Hujulikani

Sabina, mdogo wangu,

Nimekaa kwako Bugendana, kwenye kiti chako, na nina hasira. Salamu utazipata nikimaliza kukugombeza.

Lile daftari lako la kuchora liko Gitega, kwenye makumbusho. Ulipokwisha kuzikwa walipita watu wakikusanya kazi za mikono za wanawake, na Emelina, mkazamwana wako, akawapa. Aliona ni afadhali kuliko kuliwa na panya. Hapo simlaumu. Aliponipigia simu kwangu Muyinga nilifurahi, nikavaa kitenge cha sikukuu, nikapanda basi nije nikuone umewekwa pazuri.

Umewekwa ndani ya kioo, kweli, na taa juu. Na ukurasa waliofungua, kati ya kurasa zote, ni ule wa Kobero, mpakani, siku tuliyorudi kutoka Tanzania. Mi niko juu ya magunia, nimelala, mdomo wazi kama pango. Miaka yote hii uliniambia siku ile ulichora malori. Malori gani? Gari hata moja halimo. Ni mimi na meno yangu, na kandambili imenitoka mguuni. Watoto wa shule walikuwa wamesimama pale wanacheka. Hilo tutaongea siku tukionana.

Lakini chini yake wameweka karatasi. Unajua mi nasoma polepole, niliishia darasa la nne, nikairudia mpaka nikaamini. "Mwanamke amelala. Mchoraji hajulikani."

Hajulikani. Wewe, uliyechora nusu ya kambi ya wakimbizi kwa mkaa kwenye makaratasi ya sabuni. Wewe, ambaye kilima hiki hakikuoza binti bila kukuita uje uchore maua ukutani.

Nikaenda biro, ofisini kwao. Kulikuwa na mama mmoja mpole, anaongea taratibu kama nesi. Nikamwambia huyo aliyelala ni mimi, na aliyechora ni mdogo wangu. Nikaona haamini, basi nikafunga macho, nikaachama palepale mbele ya meza yake. Alicheka mpaka akavua miwani. "Bibi, ni wewe kabisa. Lakini aliyelala anamwonaje anayemchora? Aliyeleta daftari tulimwuliza jina, hakulitaja. Aje alitaje, tutaliandika siku hiyohiyo."

Nikaja huku moja kwa moja. Nikamkuta Emelina anapepeta maharage, nikamwuliza, we mtoto, siku ile mdomo ulikuwa umeshonwa? Akainamisha kichwa. "Niliwaambia ni mabukwe, mama wa mume wangu. Wakasema wanataka jina. Mama mkubwa, tangu niolewe sijalitamka. Nianze sasa, wakati hawezi hata kunikanya?"

Na nani alimfundisha hivyo? Wewe. Mkazamwana hamtaji mama mkwe wake kwa jina, sawa, ndivyo tulivyolelewa, hata mi jina la mama mkwe wangu lilinikaa kooni mpaka akafa. Lakini wewe ulizidisha. Alijisahau siku moja tu, akakuita kwa jina mbele ya wageni, ukakataa kugusa chakula chake. Msichana analia jikoni, wewe umekaa hapa umekaza mdomo, unashinda na njaa kwa kiburi. Sasa ona. Heshima uliyoidai ndiyo imekufuta. Na penseli ilikuwa mkononi mwako. Ungeandika herufi chache pembeni ungepungukiwa nini?

Nimechafua karatasi kwa wino. Tangu uende sina wa kugombana naye. Hawa wengine wananiogopa.

Basi nimetumia ukubwa wangu. Nilimpeleka kaburini kwako, nikamwaga pombe ya ndizi kidogo, padri asijue, nikasema kwa sauti ili asikie: aliyekataza amelala, mimi dada yake nimeruhusu.

Bado hakuweza. Anafika "Sa", anaziba mdomo na kitenge. Jana tu, akiwa amenipa mgongo na ungo mkononi, alilisema lote, Sabina Nahimana, kwa sauti ya mtu anayeiba. Maharage yakamwagika. Tuliyaokota wote wawili. Alikuwa analia, nami sikumgombeza.

Kesho tunaenda Gitega. Nitasimama nyuma yake na sitamsemea, maana likitoka kwangu halihesabiki. Sauti ikimkwama, tutarudi kesho kutwa, na siku nyingine tena, mpaka yule mama wa biro atuchoke. Nakuahidi, Muyinga sirudi kabla karatasi ile haijabadilishwa.

Lala, mdogo wangu. Ukimsikia anakutaja mbele za watu, usimnunie. Hasira zako niletee mimi, nimezizoea.

Dada yako,
Yustina